Wiki za Ng'ombe Wakavu

Ng'ombe wa mwisho alipokwisha kukaushwa maziwa, Alby Trewin alizima mashine za kukamulia, akafunga mlango wa banda, kisha akasimama nje asijue afanyie nini mikono yake. Mfugaji wa maziwa wa Gippsland Kusini ana upenyo mmoja tu katika mwaka: zile wiki chache za Juni, baada ya kukausha na kabla ya kuzalisha, ambapo ng'ombe hawamdai mtu alfajiri wala jioni. Ndama wa kwanza akidondoka, upenyo umezibwa hadi Juni nyingine. Harusi za jamaa, meno ya kung'olewa, ziara za mjini, yote hayo Alby na mkewe Noreen walikuwa wakiyasukumia ndani ya wiki hizo tangu waoane, na mengi hayakuenea.

Safari ya Melbourne haikuenea. Mwaka uliotangulia, korona ilipoingia, Alby aliiahirisha bila hata kukuna kichwa. "Mwakani," alimwambia Noreen, naye Noreen akacheka, akasema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na neno hilo. Lakini baina ya Juni ile na hii, Noreen alianza kupotewa na vitu. Zilianza funguo, yakafuata majina ya majirani, na hatimaye njia ya kurudi nyumbani kutoka dukani. Daktari wa Leongatha aliwaeleza kwa upole kwamba maradhi ya kusahau hayarudi nyuma, na kwamba ikiwa lipo jambo wanalotamani kulifanya pamoja, wasilikawize.

Jambo lilikuwapo. Katika usichana wake Noreen alikuwa konda wa tramu, yale magari ya reli ya barabarani, mjini Melbourne, na alitaka kuipanda tena tramu ya njia yake, kutoka kituo cha Flinders hadi mwisho wa reli, akiwa ameketi kama abiria na bila mfuko wa tiketi begani.

"Sogeeni ndani, sogeeni!" alikuwa akiita asubuhi moja mbele ya karai la vyombo. "Wewe bwana mwenye buti za matope, umelipa?"

"Nimelipa, dada konda," Alby alijibu kutoka mezani, mdomo umejaa mkate.

"Hujalipa. Nawajua nyinyi watu wa mashamba. Mnapanda na harufu ya ng'ombe, mnashuka na nauli yetu mfukoni."

Ndivyo walivyokutana hasa, Alby akiwa kijana aliyekuja mjini kwa maonyesho ya mifugo, na hadi leo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama nauli ile ililipwa.

Noreen akaendelea kuvitaja vituo, sauti yake ikipanda kila alipofika penye kona. "Collins! Bourke! Lonsdale! Soko la Victoria! Halafu..." Mikono ikatulia majini. "Halafu..."

"Halafu Haymarket."

"Usinitilie maneno mdomoni!" Aligeuka, povu likimtiririka hadi viwikoni. "Nikiketi ndani ya tramu yenyewe nitajua. Mwili utakumbuka. Nataka kwenda wakati bado najua ninakokwenda, Alby. Sitaki kingine."

Wiki hiyo hiyo serikali ilikuwa imelegeza amri ya kukaa ndani. Watu wa mashambani waliruhusiwa tena kuingia Melbourne, na hoteli walikoagiza chumba ilikuwa inawasubiri. Kilichobaki ni kuamua. Alby, aliyeweza kuamua kwa kupepesa jicho ng'ombe yupi abaki na yupi auzwe, alijikuta akilizungukia jambo hili siku nzima bila kulishika.

Binti yao Roslyn alifika Ijumaa, akakataa kuingia ndani. Aliketi barazani na koti lake, akiwa amevuta kiti mbali na baba yake. Mwaka uliopita alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee mjini, na aliyoyaona huko yalimrudisha kijijini amekonda na mkimya.

"Baba, mama amechanjwa mara moja tu. Chanjo ya pili ni Agosti."

"Agosti nitakuwa na ndama mpaka chini ya kitanda."

"Yaani hao ng'ombe hawawezi kukusubiri hata mara moja?"

"Mwanangu, ng'ombe haahirishi kuzaa."

"Na ugonjwa nao haumwulizi mtu amesubiri miaka mingapi." Roslyn alivuta pumzi. "Niliwashikia simu masikioni, baba. Watu waliozaliwa kabla ya vita, wanaagwa na watoto wao kupitia simu niliyoishika mimi kwa glovu. Usinifanye nimshikie mama."

Mlango wa wavu ukalia, Noreen akatoka na sinia ya chai.

"Mnanijadili kama ng'ombe wa mnada," alisema. "Nikaguliwe na meno basi?"

"Mama, nakuogopea tu."

"Najua, kipenzi. Lakini mimi sitakufa kwa korona. Mimi naisha kwa njia nyingine, tena nikiwa nimesimama hapa hapa, nawamiminia chai." Akammiminia Alby, akamwekea sukari ambayo Alby hajaitumia maisha yake yote. Alby akainywa chai ile yote.

Usiku huo alikuwa amekwisha amua kwenda. Kesho yake akamchukua Noreen kwenye pikapu hadi Leongatha kununua vitu vya safari. Mlangoni mwa supamaketi walivaa barakoa, kama sheria ilivyotaka kwa kila mtu aliye ndani ya jengo, duka au chombo cha abiria. Noreen aliivaa yake kwa madaha, akauliza kama yeye ni mwizi wa benki mwenye sura nzuri. Alby akamwacha penye biskuti, akaenda rafu ya pili kuchukua majani ya chai.

Aliporudi, Noreen alikuwa ameegemea rafu, macho yakiruka kutoka uso hadi uso.

"Twende, mpenzi," Alby akasema, akimgusa kiwiko.

Noreen alijinasua kwa nguvu ambayo Alby hakujua kama bado anayo. "Niache! Simjui huyu! Jamani, simjui mtu huyu!"

Watu wakageuka. Alby akaivuta barakoa hadi kidevuni. "Ni mimi. Nitazame. Ni Alby."

Uso wa Noreen ukalegea. Akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akaanza kulia. "Ulikuwa wapi? Kuna mtu alitaka kunichukua."

"Mzee, samahani," alisema msichana wa duka, kwa huruma iliyomfanya aone haya mwenyewe. "Barakoa, tafadhali. Tukikutwa tunatozwa faini."

Alby alitii. Aliipandisha barakoa taratibu, akimtazama mkewe, na pale kitambaa kilipopita juu ya pua akaiona nuru ya kufahamiana ikizimika katika macho yake. Mikono ikaondoka mashavuni mwake. Noreen alirudi nyuma hatua, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempisha mgeni njia.

Waliacha biskuti na chai pale pale.

Njiani mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Walipolipita daraja Noreen akamgeukia.

"Nimekuaibisha."

"Hapana."

"Kwenye tramu watakuwa wamevaa wote?"

"Wote. Ndiyo sheria."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Noreen alitazama majani yaliyolala kwa mvua. Alby akasema wanaweza kwenda kwa gari lao hili hili, waifuate njia ya tramu polepole, wawili peke yao, nyuso wazi.

"Sikuwa konda wa pikapu," Noreen akajibu. Baadaye akaongeza, bila uchungu, "Amua wewe. Mimi nitasahau nimeamua nini."

Nyumbani Alby aliketi kitandani kando ya simu akiwa bado amevaa koti. Alimfikiria Noreen ndani ya tramu ile, milango imefungwa, amezungukwa na watu wasio na nyuso, na yeye mume wake akiwa mmoja wao. Alimfikiria vilevile Juni ijayo, wakati huenda barakoa zote zimevuliwa na nyuso zote zimerudi, ila hakuna hata mmoja anaoutambua. Alizipima picha hizo mbili kwa muda mrefu. Hatimaye akachagua ile ambayo mkewe hangeogopa.

Kijana wa hotelini alikuwa mchangamfu. Kuahirisha hakuna gharama, alisema, siku hizi kila mtu anaahirisha; mzee angependa tarehe gani?

"Juni. Juni ya mwakani."

"Safi sana. Na mtakuwa watu wangapi?"

Kupitia ukutani Alby alimsikia Noreen akifungua na kufunga makabati ya jikoni, akitafuta kitu.

"Wawili," akasema.

Alipoingia jikoni, Noreen alikuwa amepata alichokitafuta, au amekiacha. Alikuwa akipanga sahani mezani.

"Wamesemaje?"

"Tutakwenda Juni."

"Vizuri. Juni ng'ombe wako wanakuwa wamekauka, utapumzika." Aliunyoosha uma kando ya sahani, akautazama kama umekaa sawa. "Iko mbali, Juni?"

Nje ya dirisha ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye mvua, matumbo mazito, viwele vitupu.

"Haiko mbali," Alby akasema, akavuta kiti chake.