Jicho la Bibi Desanka

Katika Johannesburg nzima, Waswahili wanaojua Kiserbia wanahesabika kwa vidole, na Mayasa wa Tanga hajawahi kukutana na kidole cha pili. Lugha hiyo aliipata katika mji wa Novi Sad, Serbia, alikokwenda kusomea uuguzi kwa ufadhili, akala baridi miaka minne. Vyeti vyake vilipofika Afrika Kusini vikatazamwa kama karatasi ya kufungia maandazi. Kiserbia ndicho kilichomsitiri: kila asubuhi alitoka mtaa wa La Rochelle kwenda ule wa Randburg kumhudumia Desanka, ajuza wa miaka themanini na mmoja, ambaye uzee ulimfutia Kiingereza chote ukamwachia lugha ya mama yake na ulimi wa pilipili. Mayasa alimwita Baba, maana kwa Kiserbia bibi ndiye huitwa baba, naye alikwisha kuzoea.

Jumatano moja ya mwisho wa Novemba walikwenda kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alikuwa mtu wa maneno membamba. Jicho la kushoto, alisema, linaona mwanga barely. La kulia limeguswa slightly, ila lisipopasuliwa Jumanne litamfuata mwenziwe. Muda wa kungoja? Hardly any.

Mayasa alijua fika kwamba vijineno hivyo havilingani. Slightly ni kidogo cha kuvumilika. Barely ni kidogo kinachokata roho. Hardly any ni hakuna, ila imevalishwa nguo. Kiserbia nacho kina vibaba vyake: malo ni kidogo tu, jedva ni kwa taabu, chupuchupu. Lakini alipomgeukia ajuza akaona vidole vinavyosokota ncha ya mtandio, ulimi ukashika njia ya kwao. Akagawa malo. Kushoto malo, kulia malo, hatari ya kungoja malo.

"Basi si neno," Desanka akasema, akashusha pumzi. "Nitapasuliwa baada ya Mtakatifu Nikola."

Hiyo ndiyo sikukuu ya ukoo wake, tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya kukanda mkate na kuchemshia wageni ngano. Wiki tatu mbele. Mayasa akamwambia daktari kwamba watapiga simu.

Jioni, chumbani La Rochelle, alimsimulia Clémentine, msusi wa Lubumbashi waliyepanga naye. Clémentine akaacha kitana hewani.

"Eh, Mayasa! Docteur anasema jicho inakufa, weye unaambia ule mumama inaumwa kidogo? Ile haiko kutafsiri, ni kutia sukari!"

"Kwetu habari mbaya haimwagwi usoni kama maji ya vyombo, shoga. Inashushwa taratibu."

"Taratibu mpaka akuwe kipofu? Eish!"

Mayasa akacheka, kisha akakikata kicheko. Alikumbuka Februari moja ya theluji huko Novi Sad, kaka yake Twalib akipiga simu kutoka Tanga: mzee wetu anaumwa kidogo, usitie shaka, maliza mtihani. Akamaliza, tena akafaulu. Alipopiga simu wiki iliyofuata, mzee alikuwa na siku nne kaburini. Mayasa hakumlaumu Twalib, hivyo ndivyo walivyolelewa, mtu hupewa msiba kwa kijiko. Ila siku zile za mtihani mzee alikuwa bado anasema, na simu ya kumuaga ingemfikia.

Asubuhi alimkuta Desanka mezani, amekwisha kuanza kuchagua ngano ya sikukuu kwa kupapasa.

"Baba, jana nilikudanganya."

"Umevunja kikombe gani?"

"Daktari hakusema malo. La kushoto alisema jedva. Na la kulia halingoji sikukuu. Ni Jumanne hii, au nalo liende."

 Ajuza akaziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Ninyooshee vidole."

Mayasa akanyoosha vitatu.

"Umenyoosha?"

"Nimenyoosha, Baba."

 Desanka akashusha kiganja, akauliza, "Kwa nini?"

"Kwetu tunapunguza. Tunadhani ndiyo huruma."

"Na mtu akimezwa na chatu huko kwenu, mnasemaje? Ameingia kidogo?"

"Tunasema hajambo, miguu bado iko nje."

Ajuza akacheka hadi machozi, jicho bovu likitoa mengi kuliko zima. "Nimezika mume na wanangu wawili, wewe mtoto unaniogopea neno! Haya, Jumanne. Mkate wa Nikola utaukanda wewe."

"Mie Muislamu, Baba."

"Kwani unga una dini? Piga simu."

Mayasa akapiga. Dada wa mapokezi akaandika jina, saa na siku, kisha akauliza kwa upole kama mgonjwa ana wasiwasi, a little.

"Anasemaje huyo?" Desanka akamshika mkono.

"Anauliza kama unaogopa kidogo."

"Mwambie naogopa sana. Na usipunguze!"

Mayasa akafikisha maneno kama alivyotumwa, hata punje haikudondoka. Kisha, bila kutumwa na mtu, akamwambia dada yule aandike kwamba siku hiyo watakuja wawili, na wa pili atakaa hadi bandeji ifunguliwe.