Mwalimu Asiyekosa Kipindi

Shule yetu ilipotimiza miaka hamsini, kamati iliamua maabara mpya ipewe jina la mwalimu wa sayansi aliyejituma kuliko wote. Wakaniita mimi, mhudumu wa maabara, niwape historia. Darasani niliishia la saba. Mengine niliyapata kwa kuosha chupa na kusoma lebo zake. Lakini kusahau sijajifunza.

Nikawaanzia kwa mwalimu tuliyemwita Baruti, aliyeacha nyusi zake kwenye dari. Akafuata Ubao, ambaye kwa miaka tisa alichora bureti, mirija ya kupimia asidi, ubaoni huku bureti zenyewe zimefungiwa kabatini zisivunjike. Kweli hazikuvunjika. Waliovunjika ni wanafunzi, mtihani hadi mtihani.

Kisha Likizo. Huyu aliripoti Jumatatu, akanywa chai ya walimu, Jumanne akaenda kwenye shughuli zake mjini. Mkuu wa wakati ule akanishika bega: "Kaka, tukisema hayupo, nafasi inafutwa na watoto hawatafanya mtihani wa vitendo. Wafundishe wewe. Daftari la mahudhurio msainie yeye."

Nikafundisha miaka saba. Nikamsainia miaka saba.

Sasa mwenyekiti wa kamati alikuwa nalo hilo daftari, analamba kidole na kufunua kurasa. "Huyu bwana ni malaika! Hakukosa kipindi hata kimoja. Hata sikukuu alikuwepo!"

"Alikuwepo nani? Huo mwandiko ni wangu."

"Mzee, wivu haukufai."

Nikaenda kwa mkuu wa shule wa sasa. Binti huyu nilimfundisha mwenyewe kushika pipeti. Akafunga mlango.

"Mwalimu wangu, najua. Lakini ukithibitisha kwamba daftari ni la uongo, vyeti vyetu je? Darasa zima lile?"

Hapo akaniweza. Jina langu ukutani nililitaka, sikatai. Ila si kwa kuwavua nguo watoto niliowavisha mwenyewe.

Siku ya ufunguzi Likizo alikuja na suti, akamuuliza mlinzi maabara ya zamani ilikuwa upande gani. Akahutubia nusu saa juu ya mahudhurio. Kisha mwenyekiti akamwomba atufanyie jaribio moja la kumbukumbu. Vifaa nilivipanga mimi: asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa iliyo chini yake. Pembeni niliweka kichupa cha kiashirio, ambacho matone yake mawili huipa besi rangi ya waridi. Rangi ikipotea, unajua asidi imetosha. Lebo ilimtazama usoni. Sikuficha kitu.

Hakukigusa. Alifungua koki, asidi ikatiririka mpaka bureti ikakauka. Kisicho na rangi kikaingia kwenye kisicho na rangi.

"Mnaona!" akasema. Kamati ikapiga makofi.

Mkuu wa shule hakupiga. "Mwalimu, kiashirio kiko wapi?"

Likizo akafuta jasho. "Kiko njiani, mheshimiwa. Si unajua shida ya usafiri."

Kule nyuma wanafunzi wangu wa zamani, sasa watu wazima wenye vitambi, waliangua kicheko mpaka viti vikalia. "Kimepanda lori gani, mwalimu?"

Kibao chenye jina lake hakikufunuliwa. Kilirudishwa stoo "kwa marekebisho," na marekebisho hayo sasa yanaingia mwaka wa tatu. Jumatatu iliyofuata ufunguzi, mwalimu wa kemia akiwa bado hajapatikana, nilipotoka kufundisha kidato cha tatu mkuu aliniletea daftari.

"Saini."

"Nimsainie nani?"

"Jisainie, mzee wangu."

Wino ulinigomea mara mbili, lakini nilisaini.

Haikupita wiki mbili, ikaja barua ya wakaguzi: nieleze kwa maandishi kwa nini mhudumu amesaini daftari la mwalimu. Saini za miaka saba za mtu asiyekuwepo hazikuwakosesha usingizi. Moja ya mtu aliyekuwepo iliwatoa ofisini.

Sijajibu. Barua nimeibandika kwenye daftari, ukurasa uleule. Ndiyo karatasi ya kwanza yenye mhuri inayokiri kwamba nilikuwa darasani.