Ekzosi Isiyo na Raba

Mimi ni fundi wa ekzosi, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Gari likipita barabarani nikiwa jikoni, nakuambia bomba lake limetoboka wapi. Kwa hiyo ekzosi ya gari la baba ilipokatika na kuburuzwa hadi getini kwetu ikitoa cheche, sikungoja kuitwa. Nilitoka na glavu mkononi.

Gari lenyewe linanizidi umri. Baba alilinunua kabla hajamwoa mama, na mama hupenda kusema kwamba katika nyumba ile yeye ndiye bi mdogo. Ni gari la kizamani. Dashibodi yake haina mshale wa kukuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Dereva hubadilisha gia kwa kusikiliza. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda, maana masikio ya baba yalikuwa yanakwisha. Ukimsemesha akiwa amekupa mgongo hageuki, na ukimuuliza anadai sisi watoto tunanong'ona. Siku hizo gari lilikuwa linalia kwenye gia ya pili mpaka unalionea huruma.

Kaka yangu ni mhasibu, mtu asiye na subira na kitu kisichotoa jibu. Alinifuata karakana.

"Litengeneze tu, mdogo wangu. Jumapili nakaa naye mbele. Akilikoroga, nachukua funguo."

"Umnyang'anye baba yako funguo?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitaki kimuumbue barabarani."

Maneno yale yaliniudhi. Alikuwa na haki. Lakini nilimjua baba pia. Mwondolee gari lile, atakaa kwenye kiti cha sebuleni na hatanyanyuka tena.

Nikamchukua baba twende duka la vipuri. Muuzaji akatupangia ekzosi tatu kaunta. Ya kwanza ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Mvua mbili tu, kutu. Mbili zilizobaki zilikuwa za stenlesi, na muuzaji akaibandika sumaku kwenye moja ikaanguka.

"Umeona? Haishiki! Stenlesi halisi hiyo."

"Sumaku si hakimu, kaka yangu," nikamwambia. "Zipo stenlesi nzuri zinazoshika. Nipe tochi."

Nikachungulia kwa ndani mishono ya kuchomelea. Ile aliyoisifia ilikuwa imeungua kwa ndani, imefanya ukoko kama sufuria ya wali. Ilikuwa na mdomo mpana unaoingia ngumi, na sailensa ndogo ya kudanganyia. Ya tatu mshono wake ulikuwa mweupe, laini, na sailensa zake mbili zilikuwa za maana. Hiyo ndiyo niliyoitaka.

Baba akaweka mkono juu ya ile yenye mdomo mpana. "Hii inanguruma," akasema.

Nilielewa kwa nini anaitaka, na moyo uliniuma. Bado angeweza kuisikia.

"Baba, hiyo itaamsha mtaa mzima!"

"Uamke. Kwani wanalala mpaka lini?"

Muuzaji akacheka. Mimi nikasimama mbele ya baba, uso kwa uso, nikamuuliza: "Kati yetu mchomeleaji ni nani?"

"Wewe."

"Basi tunachukua ile."

Akakubali kwa uso wa mtu aliyemezeshwa kidonge bila maji.

Karakana, sifungi ekzosi moja kwa moja. Kwanza naining'iniza kwa waya, naubana waya kwenye sakafu ya gari, nione bomba linapita wapi na linagusa nini. Nilikuwa nimefika hapo tu, baba akaingia garini, akalitoa barabarani. Alichoka kusubiri. Nikasimama getini kumtazama. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote safi, hakuna kilio. Akarudi anatabasamu, nami nikajipongeza: mkono wangu huo.

Mchana nikaifunga inavyotakiwa. Nikatoa waya, nikaweka vishikio vyenye raba mpya, nikakaza kila kibano. Gari likatulia, likawa linahema kama mtoto aliyeshiba. Baba akalitoa tena. Hata kona hajafika, gia ya pili ikapiga yowe, na jirani akachungulia juu ya ukuta kuona nani anachinjwa. Baba akarudi uso umemshuka.

"Umeniharibia gari," akasema.

"Hiyo ni kazi safi kuliko ya kiwandani!"

"Asubuhi lilikuwa linasema nami. Sasa limenuna."

Nikaingia chini ya gari kwa hasira, kulitafuta kosa nisilokuwa nalo. Niligonga huku, nikatikisa kule. Ekzosi ile ile, sailensa zile zile. Kilichobadilika ni waya na raba. Waya ulikuwa umeshika chuma kwa chuma, ukaupeleka mtetemo wa bomba juu, kwenye sakafu aliyokanyaga baba. Raba kazi yake ni kuumeza mtetemo huo. Asubuhi baba hakuwa amesikia kitu kwa masikio. Alilisikia gari kwa nyayo. Nilibaki chali pale chini nikicheka peke yangu, kisha nikagundua nalia.

Sasa, kufunga ekzosi bila raba ni kosa la mwanagenzi. Nimewahi kuwafokea watu kwa kosa hilo. Nililifanya kwa mikono yangu miwili na kwa furaha. Chini ya miguu ya dereva nikang'oa raba, nikachomelea kishikio cha chuma kitupu. Mbele yake nikaweka kiungo cha nyuzi za stenlesi kinachonyumbulika, ili injini ikicheza bomba lisipasuke. Nyuma nikaacha raba zote. Nikawasha, nikaweka kiganja sakafuni, nikauhisi mtetemo ukipanda na kushuka kadiri nilivyokanyaga mafuta. Nje, mtaa haukusikia kitu.

Jumapili kaka akakaa mbele, mimi na mama nyuma. Baba aliendesha kama ninavyomkumbuka tangu utotoni. Mlimani alishusha gia kwa wakati wake. Penye makutano alitazama vioo vyote, akangoja, akapita. Mama alinifinya paja kwa raha.

"Baba, kwa kweli unaendesha vizuri," kaka akasema.

Baba kimya.

"Baba! Nasema unaendesha vizuri!"

Kimya. Kaka akageuka akanitazama, na niliujua mtazamo ule. Jibu lake alishalipata.

Baba akaegesha pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Akamgeukia.

"Ulisema kitu. Nimeona taya linacheza." "Sisikii, mwanangu. Sikio la upande wako limekufa zamani, na hili lingine linaaga."

Mama akamshika bega. Kaka ilibidi aulize mara mbili, ya pili polepole: "Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia mngenipokonya gari kabla hamjaona ninavyoendesha. Leo mmeona." Akachomoa funguo, akamnyooshea kwenye kiganja kilicho wazi. "Haya, chukua."

Kaka hakuzigusa. "Ving'ora, baba. Honi. Mtu akipiga kelele njiani."

"Najua. Ndiyo maana kesho unanipeleka kwa daktari wa masikio." Kiganja akakiacha wazi. "Ila dereva ni mimi."

Kaka akavikunja vidole vya baba juu ya funguo, kimoja kimoja. Kisha akasogeza uso wake karibu, midomo yake ionekane vizuri.

"Saa ngapi?" akauliza.