Herufi Zilizotoka Kisarawe

Herufi zilikuwa zinajiandika zenyewe. Laurensia, sebuleni kwake Tangini, Kibaha, aliziona zikitambaa kwenye kioo cha kompyuta yake, jjjjjjj, mstari baada ya mstari, wakati yeye hajagusa kitu.

Kompyuta zilikotoka ilikuwa Kisarawe, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa mihogo. Laurensia alikuwa ameingia humo kwa mtandao kuitengeneza. Karani wa ofisi hiyo, Bibi Mwanamkuu, alikuwa peke yake ofisini, na walikuwa wametoka kuongea kwa simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii kibodi imeanza tena. Naandika, inanyamaza, halafu inatapika yote kwa mpigo."

"Ni mtandao huo. Na wewe sauti yako imechoka."

"Nafunga sita, hizi za baada ya Idi. Daktari wa sukari akisikia atanichapa." Bibi alicheka kidogo. "Ingia utengeneze. Adhana hiyo."

Simu iliwekwa mezani bila kukatwa. Laurensia akanyamaza, kama alivyozoea. Yeye Mkristo wa bara, lakini hakupenda kumkatiza mtu anaposwali, na bibi alimpenda kwa hilo. Mara ngapi alimtumia kisamvu kilichotwangwa tayari, ili asipate shida.

Ndipo zile herufi zikaanza. Laurensia akatabasamu. Bibi kaacha tasbihi yake juu ya kibodi, aliwaza, akimaliza kuswali ataiondoa. Akasubiri kwa adabu.

Herufi zikajaza ukurasa, zikaanza mwingine. Labda kibodi yake mwenyewe ndiyo imeganda? Akachomoa waya wake. Herufi ziliendelea. Basi kinachobonyeza kiko kule.

Akaweka simu sikioni. Hakusikia kisomo wala mkeka ukikunjwa. Alisikia mkoromo mzito, karibu kabisa na simu.

"Bibi?"

Mkoromo tu.

Swala ya adhuhuri ilipaswa kuwa imekwisha zamani. Muda wote huo alikuwa amekaa pale, anamstahi.

Kwa simu yake ya pili alimpigia Said, fundi cherehani wa chumba cha jirani na ofisi ile. "Said, kimbia kwa bibi. Chukua sukari, kafunga na ya mwilini itakuwa imemshuka."

Kwenye simu ya bibi alisikia mlango ukisukumwa. Kwenye kioo, herufi zikakoma.

"Alikuwa kalalia kibodi, dada, nimemwinua," Said alisema. "Kalowa jasho chapachapa. Anapumua, ila haniitikii."

"Mlaze ubavu. Mpake sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo asipaliwe. Kisha ita gari la hospitali."

"Sawa. Ngoja kwanza nimfunge ushungi, umemvuka. Hapendi kuonekana hivi."

"Said, sukari kwanza," Laurensia alisema. "Ushungi nitamwomba radhi mimi."

Alisubiri amsikie bibi akimkaripia Said kwa ajili ya ushungi. Kule Kisarawe kijiko kiligonga bakuli, na mkoromo ukazidi kuachana, kila mmoja ukichelewa kuliko uliotangulia.