Karibu Kumi na Moja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, tangazo la dawa ya kuotesha nywele lilifunika kioo chote cha simu ya fundi cherehani. Chini yake kulikuwa na picha ya meza, na kwenye meza hiyo, kwa chaki, vipimo vya gauni la muuguzi.

Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka minne: anampima mteja, anaandika vipimo kwa chaki kwenye meza ya kukatia, anapiga picha, anafuta meza, anamwita anayefuata. Daftari aliliacha kwa sababu lilikuwa likipotea kati ya vitambaa.

Gauni lilitakiwa saa kumi jioni. Saa kumi na moja muuguzi angemsindikiza dada yake kufunga ndoa. Mwenyewe alikuwa kazini katika chumba cha upasuaji tangu alfajiri, simu yake imefungiwa kabatini mpaka saa tisa. Kitambaa kilikuwa mita tatu za mwisho wa jora. Kukisia kiuno ilikuwa sawa na kukiharibu.

Fundi alibonyeza alama ya kufunga iliyokuwa pembeni mwa tangazo. Likafunguka duka la magodoro. Akarudi kwenye picha; zikapita sekunde tatu, akatokea mtabiri wa nyota. Saa mbili na nusu kioo kikamwambia kwa herufi nyekundu kwamba simu ina virusi ishirini na saba, abonyeze hapa kuisafisha. Kidole kilikuwa kinashuka pale shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi umeme, alipoingia kuchukua suruali yake.

"Ukibonyeza, shemeji, vitakuwa ishirini na nane," alisema.

"Wewe nyaya zako mwenyewe zinakurusha kila wiki."

"Zinanirusha, ndiyo. Ila haziniuzii godoro."

Akamweleza kwamba tangazo haliwezi kuona virusi. Maneno yale yamechorwa tu, na ile alama ya kufunga nayo imechorwa. Akaizima simu, akaiwasha katika hali salama, ambamo programu zote za kupakuliwa hulala. Picha ikafunguka na kutulia: kifua 92, kiuno 74, nyonga 104, urefu 118. Fundi akaviandika upya mezani, akapima kitambaa mara mbili, na saa tatu kasorobo akaanza kukata.

Shemeji alibaki na simu, akafungua mipangilio na kuhesabu programu zilizoruhusiwa kujitokeza juu ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja, zikiwemo kikokotoo, kalenda na tochi mbili. Akauliza nani aliyeziruhusu.

Fundi, pini zikiwa midomoni, alijibu kwamba ni yeye. Kila moja iliomba ruhusa kwanza, tena kwa adabu. Mtu akibisha hodi unamwambia karibu. Yeye hakulelewa kumwacha mtu mlangoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimalizia.

"Mwenyeji kapona wapi? Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Tochi hii ina miezi saba."

Akataka kujua tochi ya pili ilikuwa ya nini. Fundi alishona kwanza mshono wote wa bega, ndipo akasema kwamba aliiweka kwa sababu ile ya kwanza ilijaa matangazo. Shemeji alicheka mpaka akafuta machozi kwa suruali iliyokuwa imeshapigwa pasi, na akaambiwa kwamba pasi hairudiwi.

Kufuta alimwachia mwenyewe, naye alisimama pembeni akionyesha pa kubonyeza. Programu kumi zilifutwa. Ya kumi na moja, ya mitindo ya mishono, fundi aliitetea kwa ukali. Ikabaki, ila ikanyang'anywa ruhusa yake. Wakaiwasha simu kama kawaida, wakafungua picha ya vipimo, wakahesabu hadi sitini. Hakutokea mtu.

Saa kumi na dakika tano muuguzi alifika na kulivaa gauni. Zipu ilipanda hadi juu bila kukwama. Saa kumi na dakika ishirini alitoka mlangoni akiwa amelivaa.