Kiti cha Mwenyekiti

Mhojaji alizichanganya kadi zake, akazipanua kama mkeka mdogo mkononi, akamwomba dobi achomoe moja. Ndivyo utafiti ule wa wapiga kura ulivyotaka: mtu wa kuhojiwa asichaguliwe kwa sura wala kwa cheo. Kila mtu mzima wa nyumba ile alikuwa na kadi yake. Dobi akachomoa, na kadi ikawa yake mwenyewe, si ya mumewe wala ya shemeji yake.

"Leo na mimi nimeonekana," akasema, akacheka kidogo.

Utafiti ulitaka pia mhojiwa awe peke yake. Lakini mwenyekiti wa mtaa, aliyemsindikiza mhojaji tangu asubuhi, alikuwa ameshavuta kiti. Mhojaji alimwomba kwa adabu awapishe. Mzee akajibu kwamba yeye hana neno, wamhesabu kama ukuta tu.

Jua lilikuwa kali. Dobi, bila kuombwa, akaingia ndani kumtafutia mgeni maji. Kikombe kilisikika kikikwaruza chini ya pipa, kikakwaruza tena. Kilikuja na maji nusu, kimefunikwa kisahani kisiingie vumbi. Uani, nguo za watu zilikuwa zimelundikana kwenye beseni kavu.

Mhojaji aliyanywa polepole, kisha akauliza kama mtaa unapata maji.

Dobi alimtazama mwenyekiti, akaitazama miguu yake mwenyewe. "Yapo. Yanatoka vizuri tu."

"Na unajisikia huru kusema unachofikiria kuhusu viongozi?"

"Huru kabisa, mwanangu."

Ukuta ukaitikia kwa kichwa.

Swali la kura lilipofika, dobi hakungoja limalizike. Alikitaja chama cha mwenyekiti haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo.

Swali la mwisho lilikuwa la mhojaji peke yake. Alilijibia njiani, kishikwambi kikiwa kifuani: je, kulikuwa na mtu mwingine aliyesikiliza? Akisema ndiyo, mahojiano yangefutwa. Wiki ile mahojiano yake yalikuwa yameshafutwa mara mbili kwa sababu hiyo hiyo, na msimamizi alikuwa amemwonya kwamba mara ya tatu atarudisha kishikwambi. Tangu kiwanda kimpunguze kazini mume wa mhojaji, kazi hii ndiyo iliyokuwa ikiwasha jiko nyumbani.

Akakumbuka sauti ya kikombe. Akabonyeza ndiyo.

Simu ya msimamizi haikukawia. Hakufoka. Alisema tu kwamba anampa nafasi ya mwisho: achukue nyumba inayofuata, amalize kabla jua halijazama, na safari hii ajibu kama watu wazima wanavyojibu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya fundi cherehani. Mlango ulikuwa wazi. Mwenyekiti alikuwa ameshaketi ndani, miguu ameinyoosha.

"Karibu, binti. Nimeshawaambia unakuja."

Mhojaji alisalimia, akaketi kizingitini. Akazirudisha kadi mkobani, akakilaza kishikwambi mapajani, kioo chini.

"Mbona huanzi?" mzee akauliza.

"Nakusubiri utoke, mzee wangu."

Fundi akaacha kushona. Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na mzee hakuonyesha dalili ya kuinuka. Baada ya muda fundi aliinuka, akachukua kigoda chake mwenyewe, akakiweka kivulini karibu na mhojaji, akamwambia akae vizuri, maana huenda wakakaa sana.