Kuupa Ukuta Uso

Mtu anayesikia akienda kuungama, anainamisha kichwa na kunong'ona, na siri inabaki kwake na kwa Padre na kwa Mungu. Kiziwi hana kunong'ona. Mikono haina sauti ya chini. Tena mapadre wetu hapa kigangoni Huruma, Eldoret, walikuwa hawajui lugha ya ishara. Kwa hiyo maungamo ya viziwi yalikuwa ya watu watatu: mwenye dhambi, Padre, na mimi Seline katikati, nikitazama mikono na kuigeuza maneno.

Mkalimani wa maungamo amefungwa mdomo kama padre mwenyewe. Sijawahi kusema la mtu na sitasema. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nizipeleke wapi zile dhambi. Padre akishamwondolea mtu, mtu anatoka mwepesi, Padre anaenda kunywa chai, na mimi narudi nyumbani na gunia mgongoni. Nikimenya viazi, ziko. Nikifua, ziko. Mabega yananiuma, na daktari akinipima anasema ni uzee. Sawa, na uzee pia upo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukaa mbele yangu kuungama. Ni binti yangu Akello.

Akello alizibika masikio akiwa mdogo, kwa homa ya uti wa mgongo, na mimi nilijifunza ishara ili nisimpoteze. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mikono yangu ilisoma zaidi. Usiku, akirudi likizo kutoka shule ya bweni ya viziwi, tulikuwa tunategana vitendawili na taa ikiwa kati yetu, maana taa ikizimwa kwetu mazungumzo yamekwisha. Hakuna jambo ambalo hakuniambia. Mvulana aliyemkonyeza, mwalimu aliyempiga, yote.

Halafu ikaja ile kura ya mwaka elfu mbili na saba. Siku matokeo yalipotangazwa mimi nilikuwa mashambani, kijiji cha Ziwa, nimefuata mahindi ya bei nafuu. Barabara ikafungwa kwa mawe na magogo. Nikakaa kwa watu nisiowajua, nikiangalia moshi upande wa mjini, na mtoto wangu yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga, wala hasikii watu wakipiga mayowe. Nilipofika hatimaye, nilimkuta ameketi kitandani, mzima, hana hata mchubuko. Vyumba vya mwisho vya ploti yetu vilikuwa majivu, na waliokaa humo hawakuwepo.

Nikamwuliza, "Kumetokea nini? Uliona nini?"

Akaitazama mikono yangu ikiuliza. Akaikamata yote miwili, akaishusha mapajani mwangu, akaikandamiza hapo. Ndivyo kiziwi anavyomziba mtu mdomo.

Tangu Jumapili iliyofuata hakusimama tena kwenye foleni ya komunyo. Misa anakuja, anakaa, wengine wanapita mbele, yeye anasogeza magoti wapite. Kama alitendewa sijui, kama alitenda sijui. Sista mmoja aliyejua ishara ndiye angeweza kumkalimania, lakini vurugu zilipoanza alihamishwa na hakurudi. Alibaki mkalimani mmoja. Mama yake.

Miaka mitano ilipita hivyo.

Mwaka wa elfu mbili kumi na tatu Kwaresima na kura viliangukia pamoja. Watu wa Huruma walianza kununua unga wa kuweka. Wengine walipeleka watoto kwao. Wapangaji wakawa wanasalimiana kwa adabu nyingi kupita kiasi. Akello alikuwa anaona nyuso, na nyuso hazikumdanganya. Jioni moja akaacha kukata mboga ya sukuma, akanigeukia.

"Nataka kuungama kabla ya kura," akasema kwa mikono.

Nikamjibu kabla hajashusha mikono, "Hata kesho. Nitamwambia Padre."

"Bila wewe."

"Na nani sasa? Padre hajui ishara. Na wewe shuleni ulitoka na kuandika jina lako tu."

"Hiyo ni kazi yako na Padre. Lakini wewe usione."

"Mimi ni mama yako, Akello. Nimeona ya wengine wote."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwa sukuma yake.

Padre wetu wakati huo alikuwa Padre Austine, kijana wa Busia, mwenye jasho jingi. Viziwi walikuwa wameshampa jina la ishara: kidole kinafuta paji la uso na kukung'uta. Yeye alidhani wanamsalimia, akawa anawajibu vilevile kila Jumapili, nao wanacheka mpaka benchi linatikisika.

Nikaenda kwake. Nikamwambia ajifunze.

"Dani, kabla ya kura?" Kigango kizima kinaniita Dani, bibi, kwa sababu wajukuu wangu walianza na wengine wakafuata. "Hiyo ni wiki chache."

"Usijifunze yote. Jifunze za kuungama tu."

Tukawa tunakaa jikoni kwa nyumba ya mapadre baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa na mikono mizito kama mtu aliyevaa glavu. Alitaka kumwuliza Walubengo, seremala wetu kiziwi, kama anajuta, akamwuliza kama anafuga kuku. Walubengo akamjibu kwa heshima kabisa kwamba anao saba.

"Naona aibu, Dani. Bibi anamfundisha padre dhambi."

"Dhambi unazijua, Padre. Mimi nakufundisha mikono yake tu."

Alipochoka nilimtegea kitendawili. "Kitendawili!"

"Tega."

"Wanangu wameongea kutwa nzima, jioni hakuna aliyekaukwa na koo, wanalia mabega."

"Viziwi!" akasema, akafurahi kama amepewa pipi.

Mimi sikufurahi sana. Kila asubuhi nilikuwa namwonyesha: hii ni kuiba. Hii ni kupiga. Hii ni kuficha. Hii ni kulala na mtu, hii ni kulazimishwa. Hii ni moto. Hii ni kuua. Naye anarudia baada yangu, polepole, na jasho. Nami nikitazama vile vidole vyake vigeni najiuliza, ni ipi kati ya hizi? Ni ipi nampa sasa hivi ili mtoto wangu aitumie, na mimi nisijue? Nilikuwa nikirudi nyumbani silali vizuri.

Jumamosi ya kwanza aliyopanga maungamo, Padre alinikimbilia nikiwa bado langoni.

"Dani, nimepata mahali! Huko katikati ya uwanja. Nimeweka viti viwili, mbali kabisa na watu. Hata mtu akilia huko, hakuna sikio litakalopata neno."

Nilikuwa nimechoka, nilikuwa natafuta mahali pa kukaa, na mimi ni mtu wa kusikia pia. Nikasema, "Vizuri, Padre."

Viziwi walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa wakingoja zamu. Akello akawa wa kwanza. Akavuka nyasi, akaketi, akafanya ishara ya msalaba. Akainua mikono. Kisha akatazama kando ya bega la Padre, akaona wenzake wote wamekaa mstari mmoja, jua linampiga usoni, na yuko peupe kama kuku aliyenyonyolewa. Hata Kavetsa, kiziwi mwenzake, alikuwepo, na Kavetsa anasoma mikono ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Mikono ya Akello ilibaki hewani. Halafu ikashuka. Akasimama, akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Umemfundisha nini? Ameniweka kwenye jukwaa!"

"Akello, subiri..."

"Na wewe umekaa mbele kabisa!"

Kweli, nilikuwa nimekaa mbele. Ndipo kulipokuwa na kiti.

Kavetsa akainuka, akasema kwa mikono, "Sikuwa naangalia."

"Wewe unaangalia hata usingizini."

"Dhambi zako zina utamu gani? Mimi nina zangu."

Akello akaondoka. Padre akaja mbio, kanzu ameishika mkononi. "Dani, nimekosea ishara gani?"

"Kitendawili, Padre."

"Sasa hivi?"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Mwenzangu nikimpa mgongo, namnyamazisha."

Akanitazama, akatazama wale watu ukutani, macho yao yote kwake. Akatazama viti vyake viwili katikati ya uwanja. Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Nimemwungamisha kwa kipaza sauti."

Baada ya hapo Akello hakutaka kusikia habari ya Padre wala yangu. Kura ilikuwa imebakiza siku tisa. Nyumbani alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, anazitoa, anapanga tena. Niliogopa. Niliona mtu anayejiandaa kufa na kitu tumboni.

Dawa aliileta Walubengo. Katikati ya wiki alikuja kwangu, akasimama mlangoni huku Akello akimwona.

"Shule ya bweni, mnakumbuka?" akasema. "Mtu akitaka kumwambia rafiki yake siri, bweni zima linaupa ukuta uso. Anayegeuka kabla hajaguswa bega, hana rafiki tena. Jumamosi nitageuza mabenchi."

Akello alifikiri. "Yote?"

"Yote. Nimeyatengeneza mimi, nayajua uzito."

"Na Kavetsa?"

"Nitamkalisha karibu nami. Akigeuka nampiga na msumeno."

Akello akacheka kidogo, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Kisha akaninyooshea kidole.

Nikamwambia, "Mimi nitatoka. Nitakaa barabarani mpaka umalize."

"Hapana. Ukiwa nje nitafikiri uko dirishani. Kaa benchi la mbele. Nataka kuona mgongo wako."

Jumamosi Walubengo aliyageuza mabenchi yote ya kigango yakaelekea ukuta wa mabati. Padre aliweka viti viwili nyuma yetu, karibu na dirisha. Tukaketi, viziwi wote na mimi, tunatazama mabati na misumari kama watoto walioadhibiwa. Hakuna aliyetikisika. Kavetsa alikuwa amejifunika leso kichwa kizima, ili asishukiwe.

Nikasikia Akello anavuta kiti.

Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa lile dirisha, nyuma yao. Sikulifikiria. Na Walubengo pia hakulifikiria. Ghafla mbele yangu, juu ya bati, nikaona mikono. Mikono mikubwa, myeusi, ya kivuli, vidole virefu. Ikafanya msalaba. Ikaanza kusema: *nibariki.*

Nilijua mikono ile kuliko yangu. Miaka mitano nimeingoja. Na ilikuwa imeandikwa ukutani mbele yangu, kubwa kama bango, nami nimewekwa hapo na yeye mwenyewe. Kushoto kwangu Walubengo alikuwa ameshafumba, na mstari mzima vilevile. Kavetsa yuko ndani ya leso yake. Hakuna ambaye angejua. Kivuli kikasema: *siku ile, mlango...*

Nikafumba macho.

Nikayafumba mpaka yakauma. Lakini Mungu alinipa masikio, na masikio hayana kope. Wale wenzangu wote walikuwa wamefumba na kwao kumenyamaza kabisa. Mimi nikaachwa na sauti. Nikasikia viganja vyake vikigongana. Nikasikia kiti kikilia chini yake. Nikasikia pumzi. Halafu ikatoka ile sauti yake ya kooni, ambayo yeye hajui kama anayo, ambayo nilikuwa naisikia akiwa mtoto na homa. Haina neno ndani yake. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Nilishika ukingo wa benchi nisigeuke. Mama gani anasikia hivyo asigeuke? Nilitaka kumwambia Mungu, hii nayo ni nyingi, si ungeniziba na mimi.

Padre alikuwa ananong'ona mwenyewe kwa Kiswahili, "Rudia, rudia polepole," kisha kimya, bila shaka amekumbuka mikono. Wakakaa muda mrefu. Niliwaza kwamba amekwama, kwamba ataniita, na niliomba asiniite. Hakuita. Nikasikia anavuta makamasi.

Baadaye sauti ya Akello ikatulia. Kiti kikasogezwa. Sikufumbua, maana kwa viziwi hufumbui mpaka uguswe.

Mkono ukanigusa bega.

Alikuwa amesimama mbele yangu, macho mekundu, pua inatiririka. Akaniangalia uso kwa muda, vile wanavyoangalia wasiosikia, wakisoma kila kona. Akageuka, akaona ukuta nyuma yake, na kivuli cha Padre juu ya bati, kinafuta jasho. Akaelewa. Akanirudia.

"Uliona?"

"Niliona ukisema mlango. Kisha nikafumba."

"Mlango tu?"

"Mlango tu."

Nilimwacha anisome. Nilikuwa sina cha kuficha na sina nguvu ya kuficha. Mikono yangu ilikuwa imeanza kuinuka yenyewe kuuliza, mlango gani, mwanangu, nani alikuwa mlangoni? Akaiona. Safari hii hakuikamata. Alingoja aone nitaipeleka wapi.

Nikaishusha mwenyewe mapajani.

"Nimechoka, Mama," akasema.

"Keti."

Akaketi karibu nami, uzito wake wote begani kwangu, lile bega bovu. Walubengo akamgusa Kavetsa kwamba zamu ni yake, naye akatoka ndani ya leso akiwa ameloa jasho kumshinda Padre, akaenda nyuma. Akello akageuza uso wake kwenye mabati, akafumba macho. Nami nikafumba yangu.